Visawe vya intavyu ya Gredi 7: kadi, daftari, kamusi, simu au tuisheni?

KCPE, ule mtihani wa kitaifa wa Darasa la 8, ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wazazi wengi wa Nakuru, Kisumu na Kakamega walidhani presha ya mtihani wa kuingilia shule imekwisha. Haikuisha, ilihamia kwa shule zenyewe. Mtoto akimaliza Gredi 6 na mzazi akitaka kumpeleka JSS (sekondari ya chini, inayoanza Gredi 7) ya kibinafsi, mara nyingi ataitwa kwa intavyu ya Hisabati, Kiingereza na Kiswahili kabla ya jina lake kuandikwa popote. (Shule za umma zina sheria yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haiziruhusu kutumia mtihani kuamua kama mtoto ataingia. Zinaweza tu kumpima ili zijue zimweke gredi gani.)

Katika karatasi ya Kiswahili, sehemu ngumu kuandaa ni msamiati. Ngeli zinahesabika, nyakati zinahesabika, lakini maneno hayana mwisho, na ndiyo maana wazazi hununua chochote kinachouzwa chenye neno "visawe" kwenye jalada. Hapa tunazilinganisha njia zinazotumika sana, tukisema ipi inamfaa mtoto gani.

Mtihani unauliza nini hasa

Kila shule hutunga karatasi yake, ila nyingi bado zina sura ya KCPE ya zamani: kifungu chenye mapengo na chaguo nne kwa kila pengo, maswali ya matumizi ya lugha, kisha ufahamu. Visawe hujitokeza kwa njia nne. Ya kwanza iko wazi: neno limepigiwa mstari, chagua lenye maana sawa. Ya pili imejificha ndani ya pengo, ambapo majibu yote manne yanakaribiana kimaana na ni moja tu linalokaa sawasawa. Ya tatu huwa mwishoni mwa ufahamu, pale mtoto anapoulizwa maana ya neno jinsi lilivyotumika katika taarifa. Ya nne ni nahau na methali: kutia chumvi na kupiga chuku, kukata tamaa na kufa moyo, kujipa moyo na kupiga moyo konde. Tena mtahini hupenda kupachika swali la kinyume katikati ya maswali ya visawe. Mtoto aliyeshika kasi ya "sawa na, sawa na" hulipita bila kusoma agizo, na jibu analochagua, ambalo ni kisawe halisi, limewekwa pale makusudi kumngoja.

Katika zote nne, neno haliwi peke yake. Mtoto aliyekariri kwamba -zee, -kongwe na kuukuu ni visawe atakwama hapa:

Alivaa shati ____ lililotoboka kiwikoni.
A. zee  B. kongwe  C. kuukuu  D. kikongwe

Jibu ni kuukuu. Mzee ni mwenye uhai. Mkongwe ni mji, mti au desturi iliyodumu miaka mingi. Kikongwe ni mtu aliyezeeka sana. Orodha aliyokariri haikumdanganya, ila haikumweleza mpaka wa kila neno. Ndivyo ilivyo kwa kufa na kufariki: babu hufariki au huaga dunia, mbuzi hufa. Mtoto huwa nadhifu na nguo yake pia, lakini maji huwa safi. Embe huoza, wali uliolala huchacha.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vingi vya visawe havilitaji kabisa: ngeli. "Ugonjwa huu umemlaza" ukiweka maradhi inakuwa "maradhi haya yamemlaza". Kifo kimemfika, mauti yamemfika. Barua hii imefika, waraka huu umefika. Basi sentensi ikisema "____ haya yamemlaza", chaguo la ugonjwa limeondoka hata kabla ya kufikiria maana. Hiyo ni alama ya bure, na ajabu ni kwamba wengi huiacha mezani.

Kwa hiyo kipimo chetu kwa kila njia ni kimoja: inamlazimisha mtoto aliweke neno katika sentensi mara ngapi, na akilikosea, nani anamwonyesha?

Anza na karatasi za marudio, lakini za kupimia

Watu wengi huzifanya karatasi za marudio kuwa njia ya kufundishia. Hapo ndipo zinapoharibikia. Mtoto akirudia karatasi ileile mara ya tatu huwa anakumbuka kwamba swali la saba ni C, wala si kwamba hasimu ni adui. Kazi nzuri ya karatasi hizi ni kuonyesha mtoto anaangukia wapi.

Tafuta karatasi mbili. Za KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi 6, zimekuwepo tangu 2022, na za KCPE zinapatikana kwa wingi kwenye maduka ya fotokopi karibu na stendi za matatu. Kumbuka tu kwamba KCPE ilikuwa ya Darasa la 8, yaani watoto waliomzidi huyu wako kwa miaka miwili ya shule. Akipata nusu ya maswali ya msamiati wa KCPE hajafanya vibaya, usimkaripie. Chagua maswali 20 ya msamiati tu, mpe dakika 20, kisha usahihishe mkiwa pamoja. Kando ya kila kosa andika herufi moja:

M – hakujua maana ya neno kabisa
T – alijua maana lakini akachagua lisilokaa katika sentensi
N – ngeli ilimpa jibu naye hakuiona
V – alichanganya maneno yanayokaribiana kwa sauti
K – hakusoma agizo, akajibu kinyume badala ya kisawe au kisawe badala ya kinyume

Usikisie herufi. Muulize: "Neno hili maana yake nini?" Akikueleza sawasawa, kosa si M hata kama alichagua vibaya. Hatua hii huwashinda wazazi wengi kwa sababu ya haraka, na wakiiruka hununua dawa ya ugonjwa mwingine. Herufi iliyojitokeza mara nyingi ndiyo itakayokuambia usome sehemu ipi ya ulinganisho huu kwa makini.

| Njia | Gharama | Muda unaotosha | Hutibu | Huharibikia wapi |
|---|---|---|---|---|
| Kadi za manila | ndogo sana | dakika 15 kila siku | M, V | kadi isiyo na sentensi |
| Daftari la sentensi | daftari moja | dakika 20, siku 4 kwa wiki | T, N | hakuna wa kusahihisha |
| Kamusi | kubwa, au bure maktabani | inapohitajika | T | mtoto hajui kuitafutia |
| Karatasi za marudio | fotokopi | mara moja kwa wiki | K | kukariri majibu |
| Simu | bando | dakika 10 | M kidogo | orodha mbovu |
| Tuisheni au kikundi | kubwa, au bure | saa 1, mara 2 kwa wiki | T, V | mwalimu wa orodha |

Kadi za manila

Kwa mtoto mwenye M nyingi hakuna kinachoshinda kadi, na hakuna kilicho rahisi kuliko hizo. Manila moja ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 5 inatoa kadi 60 na zaidi. Tumia manila nyeupe au ya rangi hafifu. Karatasi ya kawaida huonyesha wino upande wa pili na mtoto husoma jibu bila kukusudia.

Kosa la kawaida ni kuandika "tajiri" mbele na "mkwasi" nyuma. Kadi ya namna hiyo inafundisha jozi, na mtihani hauulizi jozi. Andika hivi:

Mbele: Mzee huyo ni *tajiri* lakini hana majivuno.
Nyuma: mkwasi (A-WA, wakwasi). Kinyume: maskini, fukara, mkata.

Mtoto asome sentensi nzima kwa sauti mara mbili, mara ya pili akiwa ameweka kisawe mahali pake na kurekebisha viambishi ikibidi. Kadi ya "ugonjwa" ikimtoa "ugonjwa huu umemlaza" hadi "maradhi haya yamemlaza", umefundisha ngeli pia. Wakati mwingine ongeza mstari wa tatu nyuma: mahali neno lisipoweza kukaa. Kwenye kadi ya "kufariki" andika: *haitumiki kwa mnyama*.

Maneno mapya yawe matano kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki nane zitakupa maneno 200, na hayo yakishikwa vizuri yana faida kuliko 600 yaliyopitiwa. Usilete visawe vinne vya neno moja siku moja. Furaha, bashasha, buraha na nderemo vikija pamoja huingiliana kichwani, na mtoto hubaki na fununu ya vyote bila uhakika wa hata kimoja. Leta bashasha Jumatatu, buraha wiki ijayo, nderemo baadaye kabisa, kwani hizo ni shangwe zenye vifijo na nyimbo, si furaha ya mtu ametulia peke yake.

Marudio yafanywe kwa mikebe mitatu. Ya Kimbo au Blue Band inatosha. Kadi zote huanzia mkebe wa kwanza, unaorudiwa kila siku. Mtoto akijibu sawa siku mbili mfululizo, kadi inahamia mkebe wa pili, unaofunguliwa Jumanne na Ijumaa. Akijibu sawa tena mara mbili inaingia wa tatu, wa Jumapili tu. Akikosea popote, hata Jumapili, kadi inarudi mkebe wa kwanza bila mjadala. Mkebe wa kwanza ukizidi kadi 30, simamisha maneno mapya hadi upungue. Wingi huo unamaanisha anameza upesi kuliko anavyosaga. Tena chenga kadi kabla ya kila kipindi. Zisipochengwa, mtoto hushika mpangilio badala ya maneno, na mzazi hufurahia bure.

Daftari la sentensi

Hili ni la mtoto wa T na N: anajua maana, anakosea matumizi. Huyo ukimpa kadi 300 atazidi kujua maana na kuendelea kukosea vilevile.

Daftari la kurasa 96 linatosha. Kila neno lipate mistari mitano: neno na ngeli yake; sentensi alimolikuta, inakiliwe jinsi ilivyo; sentensi yake mwenyewe; sentensi hiyohiyo ikiwa na kisawe; na sentensi moja ambayo kisawe hicho kinakataa. Mstari wa tano ndio wenye thamani kubwa na ndio watoto huukwepa. Kwa neno "safi" unaweza kuwa: "Tulikunywa maji nadhifu ✗". Mtoto anayeweza kutunga kosa kama hilo kwa makusudi ameshaona mpaka wa neno.

Maneno matatu kwa siku yanatosha, siku nne kwa wiki. Daftari huenda polepole kuliko kadi. Ukilifanya kwa kasi ya kadi litageuka orodha yenye mistari mingi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba daftari halisemi "hapana". Mtoto akiandika "shida hili limeisha" na asisahihishwe, ataisoma sentensi hiyo mara kumi na kuizoea. Shida ni I-ZI: shida hii imeisha. Tatizo ndilo linalosema "hili limeisha". Kama nyumbani hakuna mwenye Kiswahili cha kusahihisha, daftari liende kwa mwalimu wa darasa kila Ijumaa. Walimu wengi hawakatai kurasa mbili au tatu. Wanachokataa ni kuletewa kurasa 40 siku moja kabla ya kufunga shule.

Ukilazimika kuchagua kati ya kadi na daftari, zifuate herufi: M zikizidi T na N zikijumlishwa, kadi, vinginevyo, daftari. Zikilingana, anza na kadi wiki tatu, kisha uhamishie kwenye daftari yale maneno yanayorudi mkebe wa kwanza kila mara. Kwa kawaida hayo si magumu kwa maana. Yanakosa makao katika sentensi.

Kamusi

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI inatosha kwa kiwango hiki, na si lazima uinunue ikiwa uko karibu na maktaba ya Nakuru, Kisumu au Kakamega. Tatizo la kamusi ni kwamba mtoto hajui kuingia ndani yake. Anatafuta "alimhujumu" chini ya A. Mfundishe kwanza kuvua viambishi: toa a-li-m-, tafuta hujumu. Sifa ziko kwa mzizi: -zuri chini ya Z, si "mzuri" chini ya M. Nomino zipo kwa umoja. Mazoezi ya kutafuta maneno kumi kwa dakika kumi, mara tatu, yanamaliza shida hiyo.

Kamusi ya visawe peke yake ni kitu kingine. Hukupa neno na safu ya jamaa zake, bila kukuambia yupi anaalikwa wapi. Inamfaa mwandishi wa insha aliyechoka kurudia "alifurahi", maana tayari anajua sentensi yake. Kwa mtoto wa Gredi 6 mwenye T nyingi inaongeza kosa lilelile. Nunua ya kawaida kwanza. Hii nyingine ingoje hata JSS.

Simu

Hapa tutasema wazi: kwa visawe vya Kiswahili, simu inakuja mwisho. Si kwa sababu ya bando pekee, wala kwa sababu simu ya mama huenda naye sokoni. Orodha nyingi za visawe zinazozunguka kwenye WhatsApp na programu za maswali zimeundwa kwa kupitia Kiingereza. Mtengenezaji amechukua neno moja la Kiingereza, akaandika tafsiri zake zote, akaziita visawe. Ndivyo haki, kulia na sahihi hujikuta kwenye mstari mmoja kwa sababu tu zote zimetoka kwa "right". Mtoto hana namna ya kujua.

Jaribu programu yoyote kabla ya kuitegemea. Tafuta humo -zee, kufa na safi. Ikikupa mfano wa sentensi na kutaja neno linatumika kwa nani au kwa nini, inaweza kukusaidia. Ikikupa safu ya maneno yaliyotenganishwa kwa koma, ifute. Kuna kazi moja ambayo simu huifanya vizuri: mrekodi mtoto akisoma kadi zake kwa sauti, kisha ajisikilize. Kwa mwenye V nyingi hilo ni zoezi zuri kuliko maswali yote ya programu, na halili bando.

Tuisheni au kikundi

Faida ya mtu ni moja: anasema "hapana" papo hapo. Hiyo ndiyo unayoilipia, kwa hiyo ichunguze. Kabla ya kumkubali mwalimu, mwulize mbele ya mtoto tofauti ya mzee, mkongwe na kuukuu. Anayejua atatoa sentensi tatu bila kufungua kitabu. Asiyejua atasema "yote ni kitu kimoja", na atakapokuja nyumbani atamnukulisha mtoto orodha ambayo ungeweza kuipata bure.

Angalia pia saa zinavyotumika. Katika saa nzima, mtoto anapaswa kutunga sentensi zisizopungua 15 kwa mdomo. Ukikuta kurasa nne za maandishi na hakuna alama ya kalamu nyekundu, mwalimu amefundisha mkono. Na shule ikikuletea habari ya tuisheni ya likizo, ujue sheria ileile ya 2013 inaikataza.

Kikundi cha watoto wanne ni bure na mara nyingi kinamshinda mwalimu wa orodha. Kila mmoja huja na maneno matatu kutoka kwenye kadi zake. Anasema sentensi, wa pili anaweka kisawe, wa tatu anakubali au anakataa na kutoa sababu, wa nne anafungua kamusi wakibishana. Wakizidi watano, wawili hugeuka watazamaji. Wakiwa na uwezo mmoja kabisa, wote hukosea pamoja kwa sauti ya kujiamini, kwa hiyo changanya.

Kusoma na kusikiliza

Miezi sita ikiwa bado mbele, kusoma hadithi na gazeti la Taifa Leo kunazipita njia zote, kwa kuwa maneno huja yakiwa yameshavaa sentensi. Wiki mbili zikiwa zimebaki, hakusaidii kitu katika msamiati. Ukurasa mmoja kwa siku, maneno mawili yaende daftarini, basi. Taarifa ya habari ya redioni inafaa kwa sikio, hasa kwa mtoto asiyesikia Kiswahili sanifu nyumbani.

Lugha ya nyumbani inavyobadilisha uchaguzi

Herufi ya V haigawanywi sawa, na mtoto hana kosa. Dholuo haina sauti ya sh wala z, kwa hiyo mtoto wa Kisumu au Siaya anaweza kuona shuka na suka, shindano na sindano, kaza na kasa kuwa kitu kimoja. Wakalenjin na baadhi ya Waluhya huyumba kati ya p na b, t na d, k na g: pata na bata, toa na doa. Nakuru penye Kikuyu kingi, r na l hupishana: kura na kula, mahari na mahali. Mtahini akiweka zote mbili kwenye chaguo, mtoto anayejua maana vizuri kabisa atakosa.

Tengeneza kadi za jozi kwa sauti zake tu, jozi 10 hadi 15. Mtu mwingine asome moja, mtoto aoneshe kwa kidole ni ipi, kisha wabadilishane. Dakika tano kwa siku, wiki tatu. Kumpa mtoto wa Nakuru jozi za sh na s kwa sababu zimo kitabuni ni kumpotezea muda.

Kuna pia maneno ya eneo ambayo ni sahihi kwa matumizi yake lakini hupotosha katika kifungu. Huku bara bibi ni mke. Katika "bibi aliwasimulia wajukuu" ni nyanya, na mtoto anayesoma "mke" hupotea ufahamu mzima. Stima ni umeme, na karatasi itasema umeme. Omena ni dagaa. Mbuta wa Dunga ndiye sangara wa vifungu vilivyoandikwa Tanzania. Mtoto wa mjini ataongeza doo, ganji na keja. Hizo ni Sheng, ziache nje kabisa ya insha. Usimkataze maneno ya nyumbani. Andika kadi yenye neno lake mbele na la mtihani nyuma. Kadi hizo hushikwa upesi kwa sababu kitu chenyewe anakijua.

Muda uliobaki

Zikibaki wiki 12 au zaidi: karatasi ya kupimia, kadi na daftari kwa mgao wa herufi zake, kusoma kila siku, kikundi mara mbili kwa wiki. Pima tena kila baada ya wiki nne kwa maswali 20 mapya, maana herufi huhama. M zikipungua, T huonekana kuongezeka. Hajarudi nyuma, sasa anajua maneno ya kutosha kuyakosea.

Zikibaki wiki sita, acha hadithi ndefu na tuisheni mpya. Mwalimu mgeni huhitaji wiki mbili kumjua mtoto. Kadi na daftari zibaki, na karatasi moja yenye saa kila Jumamosi.

Zikibaki wiki mbili, hakuna maneno mapya. Fungua mkebe wa kwanza tu, na kila siku maswali 10 kwa utaratibu huu: soma agizo na upigie mstari "sawa" au "kinyume", soma sentensi yote huku ukifunika chaguo, tazama kiambishi cha kitenzi kinataka ngeli gani, sema neno lako, funua, kata chaguo lisilo na ngeli, kisha soma sentensi na lililobaki. Mwanzoni swali moja litamchukua dakika mbili. Siku ya kumi litakuwa chini ya dakika moja, na hapo K na N zitakuwa karibu zimekwisha hata kama hajaongeza neno jipya hata moja.

Jioni ya kuamkia intavyu, kadi za mkebe wa tatu pekee, zile anazozijua, kwa dakika kumi. Kisha zifungwe, na kalamu mbili na rula viwekwe ndani ya mkoba.